Miaka 8 ndani ya rejista ya wagonjwa wa CF Uingereza: maoni yangu kama mama

Natoa nyota 4 kati ya 5. Hiyo moja nimeizuia kwa sababu maalum na nitaieleza huko mbele. Watu wanaandika maoni ya hoteli, ya saluni, ya mashine za kufulia, mi naandika ya daftari la wagonjwa, kwa sababu ni huduma ambayo nyumba yangu imeitumia miaka 8 sasa na sijawahi kuona mtu ameielezea kwa Kiswahili, na kina mama wenzangu huku wananipigia simu usiku wanauliza dada, hii fomu nisaini au nisisaini, wasije wakachukua damu ya mtoto wakaenda kuifanyia majaribio. Basi nimekaa leo niandike yote kwa mara moja.

Jina lake kamili ni UK CF Registry, inaendeshwa na shirika la hisani la Cystic Fibrosis Trust, mi nitaiita rejista tu. CF ni kifupi cha sistiki faibrosisi. Ni ugonjwa wa kurithi, hauambukizwi kama mafua. Kuna jeni moja inaitwa CFTR, iligunduliwa 1989, kazi yake ni kutoa maelekezo ya kutengeneza kimlango kidogo kwenye seli za mwili cha kupitishia chumvi, na maji yanafuata chumvi. Kimlango kikiharibika ute wa mwili unakuwa mzito kama ulimbo, unaziba mapafu, unaziba mirija ya kongosho, chakula hakisagiki, na jasho linatoka na chumvi kupita kiasi. Mtoto lazima arithi jeni yenye kasoro kwa baba na kwa mama, wote wawili, na hao wazazi wenyewe wazima kabisa wala hawajui wamebeba nini. Kila mimba nafasi ni moja kati ya nne.

Mwanangu kazaliwa Tanga 2012. Bibi yake alikuwa kila akimbusu kipajini anasema huyu mtoto kama katoka kuogelea Raskazone sasa hivi, ana chumvi, na sisi tunajibu ni joto mama, nani hatoki jasho Tanga. Choo chake kilikuwa na mafuta, kinaelea, harufu yake unaisikia toka uani, na mtoto anakula sahani ya mtu mzima huku mbavu zinahesabika. Kifua hakikauki mwaka mzima. Kwenye hospitali moja ambayo siitaji akaanzishiwa dawa za TB, akamaliza dozi yote ya miezi 6, na makohozi yake hayakuwahi kuonyesha TB hata siku moja. Tukaambiwa pia ni utapiamlo, nikaulizwa mbele za watu kama mtoto namlisha. Nililia sana siku ile.

Tukahamia huku 2016. Sasa huku watoto wote wanaozaliwa wanachomwa kisigino siku ya tano wanatolewa tone la damu, na CF imo kwenye kipimo hicho nchi nzima tangu 2007, lakini wa kwangu hakuzaliwa huku kwa hiyo hakupita kwenye mlango huo. Daktari wa kwanza akasema pumu. Wa pili akasema maziwa yanamkataa. Nilipouliza kama inaweza kuwa hii CF niliyoisoma kwenye intaneti nikajibiwa kwamba huo ni ugonjwa wa wazungu, mama usijitie hofu. Mwaka mzima ukapotea hapo, na kwenye mapafu ya mtoto wa CF mwaka mmoja si kitu kidogo. Aliyetufungulia njia ni nesi mmoja wa kawaida tu, alimwangalia mtoto siku ya joto akaniuliza jasho likikauka anabaki na unga mweupe kwenye ngozi? Nikamwambia ndio, hata kwenye kola ya shati. Akaandika barua siku hiyohiyo. Kipimo cha jasho kikatoka 102, wakati ukifika 60 tu jibu ni CF.

Wiki ya pili baada ya majibu, tukiwa bado hatujielewi, tukaletewa fomu ya ridhaa ya rejista. Hapa nawaambia ukweli, nilitaka kukataa. Haikuwa na mkalimani, nimeletewa karatasi ya Kiingereza kizito nikiwa na mtoto kitandani na dripu mkononi, nikaelezwa kwa dakika mbili na mtu aliyesimama mlangoni. Hiyo nailaumu kliniki ile ya wakati ule, ambayo tulishaihama. Nilisaini kwa sababu baba yake alisema mama watoto, hawa watu wameshatuambia mtoto wetu ni wa ajabu, acha basi wamuandike ili wa pili asiwe wa ajabu. Maneno yake hayo nimekuja kuyaelewa miaka baadaye.

Sasa huduma yenyewe inafanyaje kazi. Mzazi huandiki kitu. Mtoto anaenda kliniki kama kawaida, na mara moja kwa mwaka kuna yale mapitio makubwa, anapimwa uzito, urefu, anapuliza kwenye mashine wanaona mapafu yanasukuma hewa kiasi gani, wanachukua makohozi waone kuna vijidudu gani, wanaandika dawa anazotumia, siku alizolazwa, aina ya kasoro ya jeni yake, halafu watu wa kliniki ndo wanaingiza yote hayo kwenye rejista. Hakuna damu ya ziada, hakuna sindano ya rejista, kinachoenda ni taarifa. Mtafiti akitaka kuzitumia anaomba, ombi linakaguliwa, na akipewa anapewa bila jina la mtoto. Ukibadili mawazo unajitoa, na matibabu yako hayaguswi. Gharama kwako ni sifuri. Karibu kila mtu mwenye CF nchi hii yumo, ni kama watu 11,000 hivi, na mi naona hiyo ndo nguvu yake, maana daftari lenye nusu ya watu linakudanganya, hujui waliokosekana ni wazima zaidi au wagonjwa zaidi.

Kila mwaka wanatoa ripoti, iko wazi kwa yeyote, bure. Mi nilianza kuisoma na kamusi pembeni. Humo unakuta namba za kliniki moja moja, watoto wao wanapuliza vipi, uzito wao ukoje, siyo za nchi nzima peke yake. Kwa mzazi aliyezoea kuambiwa daktari kasema basi, kuona namba za kliniki zimewekwa hadharani pamoja na za wenzao ni jambo kubwa sana. Nilienda na ukurasa wangu nimeuchapisha nikauliza mbona uzito wa watoto hapa uko chini kidogo ya wastani, na mtaalamu wa lishe hakukasirika, alikaa chini tukazungumza saa nzima.

Na hili la kulinganisha kliniki siyo jipya, ndo asili yenyewe ya rejista za ugonjwa huu. Nimeipenda sana historia yake kwa hiyo nitaisimulia. Marekani miaka ya 60 kulikuwa na daktari wa watoto pale Cleveland, LeRoy Matthews, alikuwa anasema watoto wake wa CF wanakufa wachache mno, chini ya 2 kwa 100 kwa mwaka, wakati nchi nzima ilikuwa inaaminika zaidi ya 20 kwa 100 wanaondoka kila mwaka. Wenzake hawakumwamini. 1964 shirika la CF la kule likampa daktari mwingine wa Minnesota, Warren Warwick, dola 10,000 akusanye taarifa za kila mgonjwa kwenye vituo vyote 31 vya wakati ule ili ukweli ujulikane. Akakusanya. Ikaonekana Matthews anasema kweli, wagonjwa wake wastani wa umri wa kufa ulikuwa miaka 21, wakati kwingine ni 3. Miaka 3 jamani! Baada ya hapo njia zake, kumgongagonga mtoto mgongoni kila siku atoe makohozi, kutosubiri mpaka azidiwe, zikasambaa, na tangu 1966 Marekani wakawa na rejista ya kudumu. Yaani asubuhi ninapomlaza mwanangu kwenye mto nikamgonga mgongo kabla ya shule nafanya kitu ambacho kilithibitishwa na daftari.

Nikisema uzito mnielewe, maana hapa ndo rejista ilipogusa jiko langu. Nilipokuwa Tanga kila mtu aliniambia mtoto anaharisha mafuta, mkatazie mafuta. Ina mantiki, ndivyo hata madaktari wengi duniani walivyofanya zamani. Lakini mwaka 1988 wakachapisha ulinganisho wa kliniki mbili, Toronto na Boston, wagonjwa 534 huku na 499 kule, mapafu yao kwa umri uleule yalikuwa yanafanana, ila wa Toronto walikuwa warefu zaidi na walikuwa wanaishi hadi wastani wa miaka 30 na wa Boston 21. Tofauti iliyojitokeza ni sahani. Toronto walikuwa wanawaruhusu watoto mafuta mengi na kuwapa vimeng'enya vya kutosha vya kuyasaga, Boston walikuwa wanabana mafuta. Kliniki zikabadilika. Kwa hiyo leo mwanangu anakula wali wa nazi, tui la kwanza zito, samaki wa kukaanga, mandazi, siagi kwenye mkate, parachichi, kila kitu, na kabla ya kila mlo anameza vidonge vya Creon. Mtoto aliyekuwa akinyimwa samli nyumbani kwa bibi yake leo anaongezewa mafuta na mtaalamu mwenyewe kwenye karatasi.

Hapo kwenye Creon niseme kitu maana najua mtauliza, ndio, vimeng'enya vyake vinatokana na kongosho la nguruwe. Nilikaa siku tatu sijampa. Baba yake akaenda kuongea na sheikh wetu, akatuambia dharura ina hukumu yake na mtoto hana dawa nyingine ya kumsagia chakula, mpeni. Nilitamani mtu angeniambia mapema kwa upole badala ya kusoma kwenye kikaratasi cha ndani ya boksi nikiwa peke yangu.

Chumvi nayo. Wakati wa wimbi la joto New York mwaka 1948 watoto walikuwa wanaletwa hospitali wameishiwa maji na chumvi wamezirai, madaktari wakagundua wengi wao ni wa CF, na ndo Paul di Sant'Agnese akafuatilia mpaka 1953 akaonyesha kwamba jasho lao lina chumvi nyingi mno. Kipimo cha jasho kimetoka hapo. Nikifikiria watoto wangapi pwani yetu wamezirai kwa joto la Januari na Februari na tukasema malaria, nakosa usingizi.

Faida ya pili ni ya hela na haisemwi sana. Hapa England kliniki ya CF inalipwa na serikali kwa madaraja, kutoka 1 hadi 5, mtoto aliyehitaji dripu nyingi na kulazwa sana yuko daraja la juu na malipo yake makubwa, na daraja hilo linatoka kwenye taarifa za rejista. Kwa hiyo siku mwanangu alipolazwa wiki mbili kwa sababu ya sudomonasi, kile kijidudu kinachopenda mapafu ya CF, na ikaandikwa, maana yake kliniki yake inapata cha kulipia fizio na nesi wa kuja nyumbani. Isipoandikwa ni kama haikutokea.

Halafu ile vita ya dawa. Mnajua kuna dawa inaitwa Kaftrio, Marekani wanaiita Trikafta, ilipitishwa kule Oktoba 2019. Siyo ya kutuliza kikohozi, inakirekebisha kile kimlango chenyewe kilichoharibika. Watu waliokuwa kwenye foleni ya kupandikizwa mapafu wameitumia wakatoka kwenye foleni. Lakini bei! Ilipotoka Marekani ilitangazwa kwa zaidi ya dola 300,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Hapa serikali na kampuni ya Vertex inayoitengeneza wakafikia makubaliano Juni 2020 watu waanze kuipata, kwa sharti kwamba matokeo yao yafuatiliwe kwenye rejista. Novemba 2023 taasisi ya NICE, ile inayoamua dawa gani zinunuliwe, ikatoa rasimu ikisema dawa inafanya kazi vizuri ila ni ghali mno, na kina mama tuliolala usiku ule ni wachache. Juni 2024 wakakubaliana bei na Julai dawa ikapita rasmi. Kwenye meza ile taarifa za miaka ya watu wanaoitumia zilikuwepo tayari, mapafu yao, uzito wao, siku walizoacha kulazwa, zimeandikwa na kliniki zao mwaka baada ya mwaka, hakuna aliyehitaji kuanza kukusanya upya.

Mwanangu hatumii Kaftrio. Haimfai. Nafika sasa kwenye ile nyota.

Kasoro za jeni hii ziko zaidi ya 2,000. Iliyo kubwa Ulaya inaitwa F508del, na dawa zimetengenezwa kwa kuifuata hiyo. Mwanangu amerithi nyingine, kwangu moja na kwa baba yake moja, zinafanana, inaitwa 3120+1G>A. Hii haiharibu umbo la kimlango, inavuruga maelekezo yenyewe kiasi kwamba kimlango hakitengenezwi, na dawa inayorekebisha mlango haina cha kurekebisha mahali ambapo mlango haupo. Daktari alitueleza hivyo kwa mchoro. Nikauliza tuko wangapi? Akafungua kwenye kompyuta tovuti ya CFTR2, ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, iko wazi hata wewe unaweza kuingia, wao wamekusanya taarifa kutoka rejista na kliniki za nchi nyingi wakaziweka pamoja, kazi yao ya kwanza kubwa 2013 ilikuwa na wagonjwa 39,696 na kasoro 159, wakachambua ipi inaleta ugonjwa kweli na ipi haileti, 127 zikathibitika. Akaandika ya mwanangu. Ikaja, inasababisha CF, imethibitishwa.

Nikashusha pumzi. Mtu mwingine ameshaiona, si sisi peke yetu. Lakini ameiona wapi? Kwa Wamarekani weusi, kwao ni ya pili kwa wingi, na kwa Waafrika Kusini weusi, ambako utafiti uliikuta kwenye karibu nusu ya jeni zenye CF, asilimia 46. Utafiti wa 1999 wa kulekule ulikadiria mtu mmoja kati ya 34 kwa Waafrika weusi wa nchi ile kabeba kasoro ya CF. Mmoja kati ya 34! Huo siyo ugonjwa wa wazungu, huo ni ugonjwa ambao kwetu haujapimwa. Rwanda mwaka 2009 walichapisha uchunguzi wa jeni hii kwa watoto wao wenye dalili kama za CF, nao wakakuta mabadiliko ambayo si ya Kizungu. Afrika Kusini wameanzisha rejista yao 2018. Ya Ulaya ina watu zaidi ya 50,000. Na Tanga yangu? Kwenye ramani zote hizo pwani yetu ni nyeupe.

Kwa hiyo nyota niliyoizuia ni hiyo. Rejista inamjua aliyeandikwa tu. Utafiti unafuata walioandikwa, dawa inafuata utafiti, na kipimo cha mtoto mchanga kinatengenezwa kufuata kasoro zinazojulikana kwa wingi, kwa hiyo mtoto mweusi au wa Kihindi ana nafasi kubwa zaidi ya kupita bila kuonekana, halafu kwa sababu hakuonekana hayumo kwenye daftari, halafu kwa sababu hayumo kwenye daftari daktari anasema sijawahi kuona CF kwa mtu mweusi. Mduara huohuo ndo ulimla mwanangu mwaka mmoja huku na miaka minne nyumbani. Silaumu wanaoiendesha, wao wanaandika wanaoletwa kwao. Lakini nyota ya tano siitoi mpaka watoto wanaofanana na wangu wawe wengi humo.

Na ndo sababu kina mama mnaponiuliza nisaini au nisisaini najibu saini, mtoto wako mweusi akiwa humo ana uzito wa watu wengi. Watu kama asilimia 10 hivi wenye CF hawasaidiki na hizi dawa mpya, na watu wa asili zetu na za Asia wamo humo kwa uwiano mkubwa kuliko wazungu, na sasa yapo majaribio ya kuvuta mRNA kwa nebulaiza, ile mashine ya kugeuza dawa kuwa mvuke, yaani kuyapelekea mapafu maelekezo mapya yatengeneze kimlango bila kujali kasoro uliyonayo. Majaribio hayo yanahitaji kujua watu hawa wako wapi na mapafu yao yakoje. Watajuaje kama tumekataa fomu?

Jambo jingine ambalo mtu wa nje hawezi kulijua, watoto wa CF hawaruhusiwi kukutana. Wanaambukizana vijidudu vya mapafu ambavyo mtu asiye na CF havimdhuru. Kliniki wanapangwa chumba chumba, mwanangu hajawahi kukaa na mtoto mwenzake wa CF hata dakika moja, akiwa na miaka 9 aliniuliza mama, wapo kweli? Nilimfungulia ripoti ya mwaka nikamwonyesha mchoro wa umri, nikamwambia ona, hawa wote ni wa miaka 9 kama wewe, umo humu kwenye hiki kimstari. Alikiangalia kimstari kile muda mrefu.

Wakati wa korona pia. Machi 2020 tulipokea barua tujifungie, hatujui mtoto akiipata itakuwaje, kila mtu anakisia. Mwezi wa nne tu rejista za nchi 8 zilikuwa zimeunganisha wagonjwa wa CF walioambukizwa, walikuwa 40 tu, baadaye mwaka huohuo nchi 19 wagonjwa 181. Daktari alinipigia akanisomea kwamba wengi wamepona, wenye hatari zaidi ni waliopandikizwa viungo na wenye mapafu yaliyochoka sana. Nchi moja peke yake isingekuwa na watu wa kutosha kujua hata hilo. Usiku ule nililala.

Kulinganisha nchi kuna faida nyingine hata kama haipendezi kusikika. 2017 walichukua rejista ya Canada na ya Marekani wakazipanga kwa hesabu moja, wakakuta Wakanada wanaishi miaka 10 zaidi, 50.9 kwa 40.6. Walipotenga watu kwa bima, Wamarekani wenye bima binafsi hawakuachwa na Wakanada, walioachwa ni wenye bima ya serikali ya watu wa kipato cha chini na wasio na bima kabisa. Mtu akikwambia umaskini hauui mwonyeshe hiyo.

Ushauri kwa anayeanza. Dai mkalimani kabla ya kusaini, ni haki yako, usione aibu, na fomu nenda nayo nyumbani usome na mwenzako. Uliza jina la kasoro zote mbili za mtoto na uliandike mahali, wazazi wengi hawalijui na ndo ufunguo wa kila kitu. Kwenye mapitio ya mwaka omba uone kilichoingizwa, mi niliwahi kukuta uzito umeandikwa vibaya wakasahihisha palepale. Na asili ya mtoto wakiuliza jaza vizuri, usiandike nyingine. Akifika miaka 16 ataulizwa ridhaa mwenyewe, kwa hiyo muelezeni mapema.

Wangu ana 13 sasa, mrefu kunizidi, anacheza mpira akiwa na chupa ya maji ya chumvi pembeni. Desemba tunaenda Tanga. Mtoto wa mdogo wangu ana miaka 2, kifua hakikauki na anakula sana hanenepi, wameshaanza kumtajia TB. Nimeomba kliniki wakanipa barua yenye jina la kasoro ya mwanangu, 3120+1G>A, na maelezo ya kipimo cha jasho na wapi sampuli ya jeni inaweza kutumwa. Nimeitoa nakala tatu, moja ya daktari wake, moja ya mdogo wangu aiweke kabatini, na moja nitabaki nayo mkononi.